Ndimu Mkononi

Malindi, Mjini
12 Juni 1968

Somo yangu Bi Kazija,

Shikamoo. Barua hii nampa Machano, maana yeye akishauza pweza wake sokoni Darajani hakai tena mjini, anarudi Jongowe siku ile ile. Nimeiandika kwa herufi za chuo cha Kurani ili usihitaji mtu wa kukusomea. Mengine yaliyomo si ya kusomewa.

Mimi mzima, na kazi ya ukunga hospitali nnaendelea nayo. Lakini kuna mtu namtafuta, na kuna jambo linanikera. Nianze na mtu. Sichana hayuko. Mimi na yeye ulituchezea unyago siku moja, chumba kimoja, kwa hivyo sina haja ya kukueleza ni nani kwangu. Ana mimba ya nne, na sasa ina miezi saba. Wa kwanza, Kidawa, yuko na anakwenda skuli. Wa pili alizaliwa akageuka manjano kama binzari, siku ya tatu akafa. Wa tatu alizaliwa maiti, amevimba. Watu wakasema hasadi, wengine wakasema Sichana ana shetani. Daktari Abrahman, mtoto wa Mkunazini aliyesomea Ulaya akarudi, akampima akasema si hasadi wala shetani, ni damu ya mama haipatani na damu ya watoto wake, inaivunja wangali tumboni.

Sasa kuna kipimo. Inapitishwa sindano ndefu tumboni mwa mama mpaka kwenye maji yanayomzunguka mtoto, yanavutwa kidogo, yanatiwa kwenye chupa iliyofungwa karatasi nyeusi na kupelekwa Dar es Salaam kwa ndege. Yakiwa meupe tunangoja. Yakizidi umanjano, mtoto itabidi atolewe mapema na abadilishwe damu, la sivyo atakwenda walikokwenda wenzake wawili. Sichana alichomwa mara ya kwanza tarehe 28 Mei, na umanjano ulikuwepo, kidogo. Akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Zimetimia jana, hakuja. Nikamfuata mumewe Simai, nikamkuta juu ya jukwaa anapiga chokaa ukuta wa nyumba moja Shangani. Akasema mkewe yuko Kidichi kwa shangazi yake, anapumzika. Hakuteremka kuniambia hivyo, na wala hakugeuka kunitazama.

Jambo linalonikera ni hili. Tangu Januari wanawake saba wamechomwa sindano ile, wengine kwa mambo ya damu, wengine kwa maji kuzidi, na Sichana ndiye wa saba. Wote tumewachoma bila dawa ya ganzi, na hakuna aliyesema hata ah. Daktari ana daftari lenye mahali pa kuandika maumivu, na mara zote saba ameandika: hakuna. Mimi nilisimama pembeni nnawatazama nyuso, nyuso kavu, utadhani wanasukwa nywele. Sindano yenyewe inashinda kidole changu cha kati kwa urefu, Somo. Yale uliyotufundisha ndani yanatufanya tusisikie kweli, au yanatufanya nini? Nataka kujua tu.

Na ukisikia lolote la Sichana, nambie.

Mwari wako,
Mwanakheri binti Ame


Jongowe, Tumbatu
Mwezi 20 Mfunguo Sita

Mwanangu Mwanakheri,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka pweza, nimeianika kwanza ndipo nikaisoma.

Wewe mtoto umenishangaza. Mambo ya ndani unayaandika kwenye karatasi, kisha unampa mwanamme atie kikapuni. Ungekuwa karibu ningekufinya. Lakini ndivyo ulivyo tangu zamani. Wenzio wameinamisha vichwa, wewe unauliza ngoma imewambwa kwa ngozi ya mnyama gani.

Haya, nitajibu linalojibika. Hamkufundishwa kutosikia, hilo halina mwalimu. Mlifundishwa kunyamaza. Mwanamke akipiga kelele chumbani, ukumbini yuko mama mkwe na majirani, na kelele ile wataifanya kitoweo miaka kumi. Kwa hivyo uso tunaufunga. Kungwi anayejua kazi yake hamtazami mwari usoni, usoni hamna kitu. Anatazama mikono na vidole vya miguu. Mimi huwapa ndimu waishike, nawaambia ya kunusa, wasije wakapata kichefuchefu. Mwari ananusa, mimi naitazama ndimu. Yako siku ile, kama hukujua, ilibaki maganda.

Na huyo Daktari wako amezaliwa na mwanamke wa Mkunazini na hili halijui? Elimu bahari, naona yeye aliogelea upande mmoja tu.

Sasa na mimi nina ya kuuliza, na unijibu upesi kwa sababu Machano anarudi tena mjini. Hiyo sindano haimgusi mtoto? Mnajuaje, na ndani ni giza? Ya pili huchomwa upande ule ule wa kushoto, au pengine? Mtoto akiguswa hufa pale pale au huchukua siku? Na akipungua kucheza siku mbili tatu, kisha akarudi kucheza, hiyo ni dalili ya nini? Kuna mtu ananiuliza.

Kuhusu Sichana, Mungu yuko naye popote alipo.

Somo yako,
Kazija


Malindi, Mjini
26 Juni 1968

Somo yangu,

Shikamoo. Nakujibu kwa mpango, maana maswali yako si ya mchezo.

Daktari huchukua muda mrefu kumpapasa mtoto kwa mikono miwili, anajua kichwa kiko wapi na mgongo uko wapi, kisha anachagua mahali penye maji matupu. Hatari ipo, sitakudanganya, lakini ni ndogo. Mtoto akipungua kucheza kidogo na kurudi kama kawaida, mara nyingi ni uchovu wa mama na hofu yake. Mwambie huyo mtu wako, mtoto anayecheza ni mtoto aliye hai.

Sasa sikiliza khabari ya ndimu. Wiki hii wamekuja wawili, nikampa kila mmoja ndimu ya kunusa. Wa kwanza mwanamke wa Bububu, uso mkavu kama wenzake. Daktari akamuuliza, "Umeumia, bibi?" Akajibu, "Alhamdulillahi, sikusikia kitu." Daktari akaandika hakuna. Nikaichukua ndimu mkononi mwake, imepasuka, maji yamemteremka mpaka kwenye kiwiko. Wa pili wa Ng'ambo. Ndimu yake ina alama nne za kucha, zimezama. Zote mbili nimeziweka kwenye bakuli, nimezificha kabatini.

Nikamuuliza Daktari kwa nini tusiwape ganzi kwanza. Hakukasirika, si mtu wa hasira. Akasema ganzi nayo ni sindano, sasa mtu ambaye haumii utamchoma mara mbili badala ya moja kwa faida gani? Tena dawa yenyewe ni kidogo, inangojewa na wanaoshonwa na wanaong'olewa meno. Nikaona maneno yake yamenyooka, na moyo wangu haukuyakubali. Jioni nikamwomba Nahodha, anayefanya kazi chumba cha meno, dawa iliyobaki chini ya chupa. Nikajifungia ndani. Nikajitia ganzi tumboni upande mmoja, nikangoja kiasi cha kuchemsha chai, kisha nikashika ndimu na nikajidunga pande zote mbili kwa sindano, si ile ndefu, sina wazimu. Upande usio na dawa usiniulize. Upande wenye dawa, ile ganzi yenyewe inauma kama siafu, halafu basi. Unasikia unabonyezwa tu, kama mtu anakubonyeza juu ya nguo nene. Ndimu ilibaki nzima. Usinigombeze, nilikuwa nataka kujua.

La mwisho. Umeniuliza kama sindano ya pili itakuwa upande ule ule wa kushoto. Somo, mimi sikukuandikia kuwa ya kwanza ilikuwa kushoto. Kati ya wote saba, aliyechomwa kushoto ni mmoja.

Sikuulizi yuko wapi. Nakwambia tu kuwa maji yale yalikuwa na umanjano karibu mwezi mmoja uliopita, na hatujui sasa yamekuwaje. Ikipita tarehe 9 Julai bila kupimwa, hata mimi sijui tutamwokoa vipi mtoto.

Mwari wako,
Mwanakheri


Jongowe, Tumbatu
Mwezi 5 Mfunguo Saba

Mwanangu,

Hila zako umezirithi kwa nani? Haya, umenikamata. Sichana yuko kwangu tangu siku nne baada ya hiyo sindano. Yuko chumba cha ndani, amejifunika kanga anajifanya amelala, na mimi najifanya namwamini. Aliniapisha nisikwambie, na mimi sikukwambia, umejijulia mwenyewe, kwa hivyo kiapo changu kizima. Simai naye usimlaumu, aliapishwa kabla yangu.

Alipokuja nilidhani amekimbia maumivu. Nikamsema sana. Nikamwambia, nilikufunza nini mimi, mpaka unikimbilie na mimba ya miezi saba kwa sababu ya sindano? Akageukia ukuta. Hata nilipokwandikia ya ndimu na yale maswali yake ya mtoto, nilikuwa bado sijui kinachomla moyo. Barua yako hii ya pili nimemsomea yote, neno kwa neno. Nilipofika kwa yule mwanamke wa Bububu na ndimu iliyopasuka, akaketi. Akaniambia, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. Ndipo akasema.

Nakwandikia kama alivyosema. "Somo, siku ile Mwanakheri aliniambia usiogope, haiumi, wenzio sita wamechomwa na hakuna aliyesikia kitu. Sindano ikaingia, nikaona nyota mchana. Nikasema moyoni, kama wao hawakusikia na mimi nasikia hivi, basi yangu haikuingia penye maji. Imeingia kwa mtoto."

Mwanakheri, mtoto wa watu amekaa humu siku zote hizi anangoja mwanawe afe. Kila alfajiri nikiamka naye ameshaamka, kashika tumbo, anahesabu mateke. Sindano ya pili haiogopi kwa ajili yake mwenyewe. Anaogopa itakwenda kumalizia.

Sikutupii wewe mzigo wote. Wewe ulisema ulichokiona kwa wale sita, na ulichokiona ndicho nilichokifundisha mimi na makungwi wenzangu. Kila mmoja kamficha mwenzake, mpaka wa saba akadhani yuko peke yake duniani. Imeniuma, na nina miaka sitini na nne, sikutarajia kuumizwa na kazi yangu mwenyewe.

Basi jana nimefanya jambo ambalo marehemu kungwi yangu angenitoa macho. Nimemkalisha Sichana mkekani nikamwambia, kule kunyamaza nilikokupa, leo nakuvua. Ukiumia sema. Akaniuliza, "Kwa sauti?" Nikamwambia kwa sauti. Akajaribu hapo hapo, ikatoka sauti ndogo kama ya paka. Hajazoea.

Tutakuja Jumatatu, tulale kwako, Jumanne twende hospitali. Masharti mawili. Mimi niwe ndani ya chumba, na ganzi iwepo. Bila ganzi simtoi.

Somo yako,
Kazija


Malindi, Mjini
4 Julai 1968

Somo yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea wodini, nikakaa chini sakafuni na nguo zangu nyeupe. Ni kweli nilimwambia. Nakumbuka hata nilivyomshika bega wakati nasema. Nilidhani namtuliza. Mwambie Sichana haukuwa uongo, lakini ulikuwa ujinga, na naomba radhi zake kabla hajaniona, maana akiniona najua atasema yamekwisha hata kama hayajaisha.

Nimemaliza kulia nikachukua bakuli langu. Zilikuwa ndimu nne sasa, kwa sababu Jumanne alikuja mwengine. Nikaingia kwa Daktari bila kubisha hodi nikaziweka juu ya daftari lake. Akadhani nimemletea za kunywea chai. Nikafungua ukurasa nikamwambia, hii iliyopasuka ni ya bibi wa Bububu, umemwandikia hakuna. Hii yenye kucha ni ya yule wa Ng'ambo, hakuna. Hii iliyosagika ni ya juzi, hakuna. Akazishika moja moja, akazinusa, kwa nini azinuse sijui. Akauliza, "Na hii nzima?" Nikamwambia hiyo yangu, mimi nilitiwa ganzi. Akataka kucheka, akaacha.

Kisha nikamweleza alichodhani Sichana. Akalifunga daftari. Halafu akasema, "Mama yangu amezaa tisa, nyumba moja na sisi, ukuta mmoja na sisi. Hatukuwahi kumsikia. Miaka yote nikijua kwake ilikuwa rahisi." Akaniuliza ndimu zile za Darajani au za shamba. Nikamwambia za Darajani. Akaitikia kwa kichwa, kama kwamba hilo nalo lina maana katika udaktari.

Ganzi ipo. Ameiandikia mwenyewe, na ameweka sahihi. Wewe utakuwa ndani, nimemwambia wewe ni mama mzazi wa Sichana, usije ukaniumbua. Ndimu mje nayo ya kwenu.

Mwari wako,
Mwanakheri


Malindi, Mjini
12 Septemba 1968

Sichana mwenzangu,

Salamu kwako na kwa Somo, na kwa mwanangu Msabah aliyenirukia mkojo siku mnaondoka. Arobaini imekwisha, sasa unaweza kushika kalamu, kwa hivyo sitakuonea haya.

Hapa mjini mtoto wako ana watu. Yule fundi cherehani wa Kihindi aliyetoa damu usiku ule Msabah alipobadilishwa damu ananisimamisha kila nikipita dukani kwake, anauliza mtoto amenenepa kiasi gani, na ukimjibu "amenenepa" haridhiki, anataka kuoneshwa kwa mikono. Daktari naye. Amesema niwaambie kuwa maji ya ile sindano ya pili yalikuwa manjano kweli, na kama mngechelewa wiki mbili nyingine asingekuwa na la kufanya. Akasema tena: wiki mbili. Sasa kila anayechomwa hapa anapewa ganzi na anapewa ndimu. Ndimu ameitaka yeye mwenyewe.

Lakini kuna kitu kinatusumbua wote wawili, na wewe tu ndiye mwenye jibu. Siku ya tarehe 9 Julai ganzi ulitiwa, na tuliijaribu kwa kukugusa na ncha ya sindano mara tatu, ukasema unasikia kubonyezwa tu. Halafu sindano ndefu ilipoingia ukapiga ukelele mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakaja mlangoni. Somo akawa anakwambia, "Sema mwanangu, sema." Baadaye nikaikunjua mikono yako, na ndimu ilikuwa nzima, haina hata alama ya ukucha.

Nimezitazama ndimu kumi na tatu mpaka leo na hakuna iliyonishinda ila hiyo. Kama uliumia, kwa nini haikupasuka? Kama hukuumia, ulilia nini? Daktari hakuandika kitu. Mahali pa maumivu mbele ya jina lako pako wazi mpaka leo, kila akifungua daftari anapatazama, kisha ananitazama mimi.

Nambie ukweli, hata kama ganzi haikufanya kazi. Hasa kama haikufanya kazi.

Mwanakheri wako


Jongowe, Tumbatu
Mwezi 3 Rajabu

Mwanakheri ndugu yangu,

Mwandiko wangu usiucheke, tangu chuoni sijaandika zaidi ya jina. Somo alitaka kuniandikia, nimemkatalia. Amekasirika, yuko jikoni anagonga vyungu ili nimsikie.

Msabah hajambo. Analia kama muadhini, na kila akilia Somo anasema muacheni, huyu mwanamme, hana ndani wala nje. Mueleze yule fundi kuwa mapaja ya mtoto yamepata mikunjo miwili. Muoneshe kwa mikono.

Radhi ulizoomba nilikupa siku ile ile, lakini ulisema mwenyewe kuwa nitasema yamekwisha hata kama hayajaisha. Ni kweli, yalikuwa hayajaisha. Nilipokuona mlangoni bado nilikuwa na kisirani na wewe. Yameisha siku Msabah alipobadilishwa damu, ukakaa naye mpaka asubuhi umevua viatu ili usimwamshe. Hayo sikukwambia.

Ndimu yenyewe ulinirudishia mkononi, nikaja nayo huku. Somo ameikamua kwenye mchuzi wa pweza. Nilimwambia ile ni ya hospitali, akasema ndimu ni ndimu.

Sasa jibu lako. Jirani yetu Kurwa ana mimba na damu yake ni kama yangu, atakuja kwenu mwezi ujao, na yeye amenidodosa jambo hilo hilo, kwa hivyo nimeshapata kulifikiria. Nimemwambia ya ganzi itamuuma kama siafu, halafu atasikia kubonyezwa. Nimemwambia akisikia zaidi ya hapo aseme, na asidhani ni mtoto, ni yeye. Kanitazama kama nimemtukana mama yake. Kisha kaniuliza ya pili mimi niliumia? Nikamwambia hapana.

Sikuumia, Mwanakheri. Ganzi ilifanya kazi. Sindano iliingia na nikaisikia inaingia, na hakukuwa na kitu, maji matupu, mtoto akageuka upande wa pili kama mtu anayesogea kitandani. Ndipo nikajua kwamba hata ile ya kwanza haikumgusa. Yale maumivu yalikuwa yangu peke yangu, na nilikuwa nimekaa nayo siku arubaini na mbili nikidhani ni yake. Somo alikuwa ameshanivua kule kunyamaza. Nikaona ikiwa nina ruhusa, basi nilie sasa. Ile uliyoisikia ilikuwa ya tarehe 28 Mei.

Mwambie Daktari asipaache wazi. Tarehe 9 Julai aandike: hakuumia. Kisha arudi nyuma ukurasa, pale alipoandika hakuna, afute, aandike niliumia sana.

Sichana